Mwongozo kamili: jinsi ya kuzipata albamu za elektroniki zilizojificha, na jinsi ya kumpa mtu mpaka azisikilize kweli

Kama umeingia kwenye muziki wa elektroniki kupitia programu za strimingi basi hii hali unaijua, mwanzoni kila ngoma unaona maajabu, halafu baada ya muda unaanza kuletewa majina yale yale, miksi za aina ile ile, na kila "utapenda pia hii" ni kitu ulishakisikia. Sio kwamba muziki umeisha. Algorithimu inaujua muziki kupitia watu waliousikiliza, sasa kaseti iliyotoka kopi hamsini tu, au albamu ya mwaka 1997 ambayo lebo yake ilishafungwa zamani, hiyo algorithimu itaijulia wapi? Haina data zake. Aidha haimo kabisa, au imo ila iko chini huko ambako hakuna anayeskroli mpaka kufika.

Njia ninayoiamini mimi ni ya kufuata majina. Nyuma ya kila albamu kuna watu, kuna aliyeitengeneza, aliyeimasta (aliyesawazisha sauti ya mwisho), aliyekata santuri, mwenye lebo, aliyechora kava, aliyeisambaza, na hao watu hawakufanya albamu moja tu maishani mwao. Ukishazoea kuyasoma hayo majina hutakosa cha kusikiliza. Na nusu ya pili ya mwongozo huu ni ya kupendekeza, maana kupata albamu ni kazi moja na kumfanya mwenzako aisikilize ni kazi nyingine kabisa, wengi wanaiweza hiyo ya kwanza halafu hii ya pili wanaiharibu.

Hatua ya 1: Anza na albamu moja tu

Sio staili nzima, sio orodha ya albamu mia bora. Moja tu, ile ambayo umeisikiliza mpaka unajua kinachofuata kabla hakijaja. Halafu jiulize ni nini hasa kinachokushika pale. Ni besi? Ni mdundo uliovunjika vunjika? Ni ile eko inayorudi rudi mpaka inageuka kitu kingine? Ni kelele za chini chini kama mkanda uliochakaa? Andika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe, hata kama hayajapangika. Usiandike jina la staili, ukiandika "dabu tekno" hujajiambia chochote, andika "mdundo upo ila umefunikwa, na juu kuna sauti inayopanda na kushuka taratibu". Hiyo sentensi ndiyo itakuamulia jina lipi ulifuate na lipi uliache, kwa sababu huko mbele majina yatakuwa mengi mno.

Hatua ya 2: Soma krediti, zote

Nenda Discogs, tovuti yenye orodha ya rekodi na watu waliozitengeneza. Ilianzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski na mwanzoni ilikuwa ya muziki wa elektroniki peke yake, mitindo mingine ilikuja baadaye, ndio maana upande huu umejazwa kwa undani mkubwa, mpaka yale maandishi yanayochongwa kwa mkono katikati ya santuri, pale ambapo mfereji wa sauti unaishia, watu wameyanakili. Fungua ukurasa wa albamu yako. Bei usiiangalie kwanza. Shuka chini kwenye krediti, yaani orodha ya watu waliohusika.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. "Biokinetics" ya Porter Ricks, mwaka 1996. Kwa asiyeijua, ni tekno inayosikika kama imezamishwa majini, mdundo uko chini, na juu yake mawimbi ya kelele laini yanakuja na kuondoka, ngoma ya kwanza "Port Gentil" inazidi dakika kumi na haina haraka yoyote.

Ukibonyeza jina la Porter Ricks unakuta sio mtu mmoja, ni wawili, Thomas Köner na Andy Mellwig, kwa hiyo tayari una njia mbili. Ukimfuata Köner unafika kwenye albamu zake za peke yake za mwanzoni mwa miaka ya 90, "Teimo" ya 1992 na "Permafrost" ya 1993, humo mdundo hamna kabisa, ni sauti nzito za chini zinazotembea polepole sana, baridi tupu, na hapo ndipo unaelewa ule ukungu wa "Biokinetics" umetoka wapi. Ukimfuata Mellwig unafika Dubplates & Mastering, studio ya Berlin ambayo kazi yake ni kumasta na kukata santuri, na kupitia hiyo studio unapata rekodi nyingi sana za watu wengine ambao hukuwahi kuwasikia.

Njia ya tatu ni lebo yenyewe, Chain Reaction. Ilianza 1995, wenyewe ni Moritz von Oswald na Mark Ernestus, wale wale wawili wa kundi la tekno la Basic Channel, na huyo Ernestus ndiye aliyefungua duka la santuri la Hard Wax mwaka 1989. Bonyeza jina la lebo, panga kwa mwaka, shuka nayo. Unakutana na "Hongkong" ya Monolake, 1997. Monolake walikuwa Robert Henke na Gerhard Behles, na Behles miaka miwili baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Ableton, kampuni ya ile programu ambayo leo maprodyuza kila kona wanaitumia. Unakutana na "Vibrant Forms" ya Fluxion, 1999. Unakutana na "Multila" ya Vladislav Delay, 2000. Halafu mwaka 2001 unakutana na rekodi moja ya Mjapani anaitwa Shinichi Atobe, "Ship-Scope", na ukibonyeza jina lake unaona kitu cha ajabu, baada ya hapo kimya. Hakuna kitu mpaka 2014, ambapo Demdike Stare, kundi la watu wawili la Manchester, wanatoa albamu yake "Butterfly Effect" kwenye lebo yao ya DDS, na baada ya hiyo zikaja nyingine. Mtu kakaa kimya miaka kumi na tatu na angeweza kusahaulika kabisa, ila jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye rekodi moja na kuna watu walilifuata.

Sasa hesabu, tumeanza na albamu moja na tumeshapata kazi ya wiki kadhaa. Na hapo hatujagusa bado aliyechora kava.

Mambo mawili ya Discogs kabla hatujaendelea. La kwanza, kila ukurasa unaonyesha watu wangapi wanayo hiyo rekodi na wangapi wanaitaka. Wanaoitaka wakiwa wengi kuliko walio nayo maana yake imeshajulikana, imeshapanda bei, sio siri tena. Mimi napenda sehemu ambapo namba zote mbili ziko chini lakini lebo naiamini au jina la fundi nalitambua, hapo ndipo pa kusikiliza kwanza, kwa sababu hakuna aliyekutangulia kukwambia ni nzuri au mbaya. La pili, ukifungua kurasa thelathini kwa wakati mmoja hutasikiliza hata moja. Fuata jina moja, sikiliza, ndio urudi.

Hatua ya 3: Majina ya bandia

Kwenye elektroniki msanii mmoja anaweza kuwa na majina matano au kumi, na albamu iliyojificha kuliko zote mara nyingi ni ya mtu unayempenda tayari, ila ipo chini ya jina usilolijua. Kwenye ukurasa wa msanii wa Discogs kuna sehemu ya majina yake mengine na makundi aliyopitia, ipitie yote.

Mfano mzuri kuliko yote ni Drexciya. Wawili wa Detroit, James Stinson na Gerald Donald, elektro yao (muziki wa mashine wenye midundo iliyokatika katika) ilikuwa na hadithi ya watu wanaoishi chini ya bahari, na wao wenyewe hawakupenda kujionyesha. Watu wengi wanaifahamu "Neptune's Lair" ya 1999 iliyotoka lebo ya Tresor na wanaishia hapo. Lakini Stinson huyo huyo alitoa vitu kwa jina la Transllusion, na mwaka 2001 akatoa "Lifestyles of the Laptop Café" kwa jina la The Other People Place, albamu laini, ya taratibu, ya kimapenzi kabisa, ambayo ukiisikia hutadhani ni mtu yule yule. Alifariki 2002. Donald yeye unampata kwenye Dopplereffekt na Arpanet. Asiyejua majina haya anaona wasanii wanne watano tofauti, anayejua anaona watu wawili na kazi ya maisha yao.

Kitu kingine hapa, kama msanii anatoka nchi yenye maandishi yake, Japani, Urusi, Iran, kopi jina lake kwa herufi za asili kutoka Discogs ulisachi hivyo hivyo. Matokeo yanabadilika kabisa. Ukisachi kwa herufi za Kilatini unapata yale yaliyoandikwa na wageni, ukisachi kwa herufi zao unapata yale ambayo wenyewe wameyaandika na wamepakia.

Hatua ya 4: Tumia kompilesheni kama mlango wa kuingilia

Kama hujui pa kuanzia kwenye sauti fulani usitafute albamu ya msanii, tafuta kompilesheni ya lebo. Lebo nzuri ndogo ikitoa kompilesheni inakuwa imekuchagulia watu wake wote kwa mkupuo.

Futiweki ya Chicago, muziki wa kasi wa kuchezea kwa miguu, ilifika kwa watu wengi nje ya Chicago kupitia "Bangs & Works Vol. 1" ya lebo ya Planet Mu mwaka 2010. Mwaka huo huo lebo ya Honest Jon's wakatoa "Shangaan Electro" kutoka Afrika Kusini, ukiusikia ule mwendo kasi hutausahau. Na singeli ya Dar es Salaam iliingia masikioni mwa watu wa Ulaya kupitia "Sounds of Sisso" ya 2017, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Unachofanya ni kusikiliza kompilesheni nzima, unachagua majina mawili matatu, halafu unayafuata kama hatua ya 2. Kwenye "Sounds of Sisso" kwa mfano unamshika Bamba Pana unafika "Poaa" ya 2018, unamshika Jay Mitta unafika "Tatizo Pesa" ya 2019, na ukiendelea kuifuata singeli unafika kwa Duke na "Uingizaji Hewa" ya 2019. Nasisitiza hii kwa sababu tunapenda kudhani andagraundi ni kitu cha mbali, cha Berlin au Tokyo, wakati baadhi ya muziki mkali kuliko wote wa miaka ya karibuni majina ya albamu zake ni ya Kiswahili na wanaoongea Kiswahili wengi hawajazisikia.

Hatua ya 5: Tafuta mtu mwenye masikio kama yako

Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo wanauza muziki wao wenyewe, ipo tangu 2008 na ina kitu kimoja ambacho watu wanakipita bila kukiona. Kwenye ukurasa wa albamu kuna vipicha vya watu walioinunua. Bonyeza kimoja, utaona vyote alivyonunua yule mtu, yaani hela yake mwenyewe, sio "laiki". Hii ni habari yenye uzito kuliko nyota tano za mtu yeyote.

Fanya hivi. Chukua albamu mbili unazozipenda ambazo hazifanani, moja ya ambienti tuseme na nyingine ya kelele. Tafuta mtu aliyenunua zote mbili. Mtu wa hivyo ana mkusanyiko ambao karibu nusu yake utakufaa, kwa sababu mmekutana sehemu mbili ambazo watu wengi hawakutani. Mfuate. Ila epuka wale wenye maelfu ya albamu, wale wananunua kila kinachotoka, mkusanyiko wao haukuambii wanapenda nini. Mtu mwenye albamu mia moja na kitu, ambaye ameandika sentensi moja moja kwenye zile alizozipenda, huyo ni dhahabu.

Tagi nazo zinasaidia ila zichanganye, tagi moja pana haikufikishi popote. Weka staili na mji, au staili na kifaa kilichotumika, halafu panga kwa vipya. Nusu ya utakachosikia hakitakuwa kizuri na hiyo ni sawa, dakika mbili mbili zinatosha kujua kama kuna kitu.

Hatua ya 6: Redio za mtandaoni na miksi

Nitapita haraka hapa maana wengi mnaijua. NTS ya London ipo tangu 2011, vipindi vyake vinahifadhiwa na vingi vina orodha ya ngoma, kwa hiyo unasikiliza ukiwa na kazi zako na kitu kikikushika unaandika dakika, sio jina, dakika. Jina utalitafuta baadaye. Ukianza kutafuta jina saa ile ile unaacha kusikiliza kipindi. Na kipindi kikikupa vitu vitatu vizuri mfuate mtangazaji, usiifuate redio nzima.

Hatua ya 7: Reissue, na zile za bure zilizosahaulika

Lebo zinazotoa upya rekodi za zamani zimetufanyia kazi kubwa. Charanjit Singh, mpiga muziki wa filamu za Kihindi, mwaka 1982 alirekodi raga kumi juu ya mdundo wa disko kwa kutumia mashine za Roland, TR-808 ya ngoma na TB-303 ya besi, miaka kadhaa kabla ya asidi hausi ya Chicago, muziki wa dansi uliojengwa juu ya TB-303 hiyo hiyo, kuzaliwa, na albamu ikapita kimya. Ilitolewa upya 2010 na watu wakashika vichwa. Hailu Mergia wa Ethiopia alitoa kaseti yake mwaka 1985, kodiani, kinanda na mashine ya ngoma, na wakati lebo ya Awesome Tapes From Africa wanaitoa upya mwaka 2013 mzee alikuwa anaendesha teksi Washington. Muziki haukuwa na tatizo, tatizo lilikuwa ni usambazaji.

Ukipata reissue nzuri soma kijitabu chake au maelezo ya chini ya ukurasa, humo mnatajwa studio, mafundi, bendi za wenzake, na hao bado hawajatolewa upya. Watu wengi wananunua reissue wanaishia hapo hapo.

Halafu kuna netilebo, lebo zilizokuwa zinatoa muziki bure kabisa kwenye intaneti. Monotonik ilifanya hivyo kuanzia 1996 mpaka 2009 na kazi zake zipo Internet Archive, pamoja na za netilebo nyingine nyingi mno. Kupakua ni bure na kisheria. Hakuna mtu anayezitaja, kwa sababu hakuna santuri ya kuwinda wala bei ya kujivunia, na mle ndani kuna albamu za ambienti na za tekno ndogo ndogo ambazo zingetoka na lebo kubwa leo zingeandikwa kila mahali.

Hatua ya 8: Hakikisha albamu ni ya kweli

Hii miaka ya nyuma nisingeiweka. Siku hizi kuna muziki uliotengenezwa kwa akili mnemba unapakiwa kama "albamu ya ambienti ya Kijapani ya mwaka 1986 iliyopotea", na kava zuri la kizamani. Usipendekeze kitu kabla hujauliza: ipo Discogs? Ina namba ya katalogi? Kuna jina la mtu hata mmoja ambaye alifanya kitu kingine popote? Chaneli iliyopakia inatoa "albamu zilizopotea" ngapi kwa wiki? Albamu ya kweli hata iwe imejificha vipi inaacha alama, kuna aliyechapisha kava, kuna aliyekata santuri, kuna anayeuza kopi yake iliyochakaa. Ikiwa haina alama hata moja iache.

Hatua ya 9: Sikiliza vizuri kabla hujafungua mdomo

Mara ya kwanza albamu nzima, bila kuruka, na hedifoni. Spika ya simu haitoi sauti za chini, na kwenye dabu tekno au elektro nusu ya muziki iko huko chini, kwa hiyo utakuwa umehukumu kitu ambacho hujakisikia. Mara ya pili sehemu nyingine, unatembea au uko kwenye basi. Kuna albamu ambazo ukikaa kimya zinachosha ila ukitembea zinaamka.

Na usiruke ruke kwenye ngoma ndefu. Ngoma ya dakika kumi na mbili imepangwa ili sikio lako lizoee kitu, na baada ya kuzoea ndipo kinabadilishwa kidogo, eko inafunguliwa, hai-hati (matoazi ya ngoma) inaingia upande mmoja. Ukiruka kwenda dakika ya nane unasikia mlio tu, kubadilika kwenyewe hukusikii.

Weka daftari, la karatasi au la kwenye simu. Mimi naandika jina, lebo, mwaka, jina lililonifikisha pale, dakika iliyonishika, na mwisho jina la mtu ninayemfahamu ambaye ingemfaa. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo inatupeleka kwenye kupendekeza.

Hatua ya 10: Kupendekeza kwa mtu mmoja

Albamu moja, mtu mmoja. Ukimtumia mtu linki kumi umempa kazi ya nyumbani, hataifungua hata moja na atakukwepa. Na usianze na uhaba. "Hii zilitoka kopi mia tu duniani", "hii huwezi kuipata", hayo maneno yanakuhusu wewe, hayamwambii msikilizaji chochote. Kuwa adimu sio sifa ya muziki. Kuna albamu ambazo hazijulikani kwa sababu hazikufika kwa watu, na nyingine hazijulikani kwa sababu hazina kitu, na kazi yako ni kujua tofauti.

Kabla hujachagua muulize anasikiliza nini sasa hivi, sio anapenda nini, maana kuhusu anachopenda atakupa jibu zuri, kuhusu anachosikiliza atakupa jibu la kweli. Halafu tafuta kitu kimoja kinachofanana na unachotaka kumpa. Kimoja kinatosha. Mtu wa R&B za taratibu ambaye anasema elektroniki haina hisia, huyo usimpe Porter Ricks, mpe ile ya The Other People Place. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Kaka, najua unapenda vitu vya taratibu vya usiku. Hii ni elektro ya Detroit ya 2001, mashine tupu ila ina upole, baadhi ya ngoma kuna sauti ya mtu anarudia maneno machache tu kama anaongea na nafsi yake. Anza na Let Me Be Me. Vaa hedifoni, besi ndiyo inayobeba kila kitu. Ikifika katikati haijakushika iache, hakuna mabadiliko makubwa mbele."

Angalia kilichomo. Kuna sababu ya kwa nini yeye, kuna sauti ilivyo, kuna ngoma ya kuanzia, kuna namna ya kusikiliza, na kuna ruhusa ya kuiacha. Hakuna "lazima uisikilize", hakuna "itabadilisha maisha yako", hakuna majina ya staili sita. Ile ruhusa ya kuiacha inamwondolea mtu mzigo, na akishaondolewa mzigo anasikiliza.

Baada ya hapo nyamaza. Usimuulize kesho yake. Akirudi na kusema hajaipenda muulize ni wapi hasa ilimshinda, mdundo, urefu, ubaridi, kwa sababu jibu lake ndilo litakalochagua albamu inayofuata. Akisema "inajirudia sana" basi muondoe kwenye tekno kabisa mpeleke kwenye futiweki, kule mdundo hautulii hata sekunde mbili. Akisema "haina mtu ndani yake" mpe Hailu Mergia.

Hatua ya 11: Kupendekeza kwa wengi

Ukiandika orodha ya hadharani iwe fupi, tano au saba, na kila moja iwe na jina lililoandikwa sawasawa na alama zake zote, mwaka, lebo, na sentensi mbili za sauti yake. Jina likikosewa herufi moja mtu anasachi hapati anaondoka. Panga kuanzia nyepesi kwenda nzito, sio kwa ubora, ili asiyezoea aweze kupanda nayo.

Mtaje aliyekuonyesha. Kama uliipata kwenye mkusanyiko wa mtu Bandcamp au kwenye kipindi cha redio sema, inampa msomaji jina jingine la kufuata na ni heshima ya kawaida tu.

Linki iwe ya msanii mwenyewe au lebo yake kabla ya nyingine yoyote. Bandcamp inakata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali na iliyobaki, ukitoa makato ya malipo, inaenda kwa msanii au lebo, na tangu Machi 2020 kuna baadhi ya Ijumaa ambazo tovuti haichukui fungu lake kabisa, kwa hiyo kama una orodha ya kutoa itoe siku hiyo. Msanii mwenye wasikilizaji mia mbili, watu kumi wakinunua albamu yake kwa sababu yako ameona tofauti kubwa. Kama albamu haiuzwi popote na ipo YouTube tu, iweke, ila sema wazi kwamba hiyo ndiyo njia iliyopo ili siku ikitolewa upya watu wajue wakanunue. Na anayetaka nakala ya zamani mpe tahadhari unazozijua, CD za Chain Reaction kwa mfano zilikuwa zinatoka kwenye makopo ya chuma na yale makopo yalikuwa yanapasua diski katikati, kwa hiyo aombe picha ya diski yenyewe kabla hajatuma hela, au achukue reissue. "Biokinetics" ilitolewa upya na lebo ya Type mwaka 2012.

Halafu pitia orodha zako kila baada ya miezi kadhaa. Linki zinakufa, lebo zinahama, video zinaondolewa, na wakati mwingine albamu uliyosema haipatikani inakuwa imeshatoka upya wiki iliyopita.